Nimepaka rangi plastiki za ndani za gari, mlango wa dereva peke yake unabambuka. Kwa nini huo mmoja?

#1 Mtoto_wa_Himbi (Goma)
Salamu wakubwa. Nina RAV4 ya mwaka 2002, usukani kulia. Plastiki zake za ndani zilikuwa za kijivu, jua limezila hadi zikawa na rangi ya majivu. Mwezi uliopita nikaamua kuzipaka nyeusi isiyong'aa mwenyewe: vile vipande vinne vya milangoni vyenye vitufe vya vioo, fremu ya redio na kile kinachozunguka gia. Nikavitoa, nikaviosha kwa Omo, nikavisugua kwa msasa namba 400, nikavianika, nikapiga bombe (rangi ya kopo la kupuliza) tabaka tatu, halafu verni mbili. Kesho yake nikavirudisha.

Wiki tatu zimepita. Kipande cha mlango wa dereva kimeanza kuachia pembeni ya kitufe. Si kukwaruzika, ni kubambuka. Leo asubuhi nimeinua kwa ukucha likatoka ganda zima, upana wa kidole gumba, kama ganda la kitunguu. Nikaligeuza: upande wa chini laini, unang'aa kama kioo. Milango mitatu iliyobaki nimeikwaruza hadi ukucha ukauma, rangi imetulia tu. Siku moja, mkono mmoja, rangi ileile. Niambieni mlango huu una kisirani gani.

#2 Fundi_Birere (Goma)
Nimesoma mara mbili nikitafuta neno "apre", ile dawa ya kushikisha rangi, sijaliona. Plastiki si bati, ndugu yangu. Plastiki nyingi za ndani ya gari ni PP, ileile ya mabakuli na viti vya sherehe, na PP haikubali kitu: gundi inateleza, rangi inateleza. Kabla ya rangi inatangulia apre ya plastiki, ile nyembamba kama maji, haina rangi. Unapuliza mkono mmoja mwepesi, unangoja dakika chache kama kopo linavyosema, ndipo unaingia na rangi. Bila hiyo, rangi inalala juu ya plastiki kama shuka juu ya godoro. Ganda linalong'aa chini ndilo ushahidi, rangi yako haikuwahi kuuma.

Geuza kipande. Nyuma kuna herufi ndani ya alama hizi > <. Tuletee.

#3 Kampemba_Penture (Lubumbashi)
Jambo yenu. Mi natumika penture mu garage huku Kampemba. Yaya wa Birere, haina apre. Kama ni apre, milango yote ine ingetoka. Hii ni silikone. Ile mafuta ya kuangazisha tablo (dashibodi), bantu banawekaka kila siku ya mungu juu motokari ikuwe mupya. Inaingia mu bile bitundu bidogo ya plastiki. Ukisafisha na Omo paka mara moya, haitoke. Na ukipiga musasa mbele ya kusafisha, unaingiza silikone mu ndani zaidi. Kwanza sabuni ya vyombo na brosi, kisha alkoli, kisha musasa, kisha alkoli tena. Mulango wa chauffeur njo benye motokari banangazishaka sana, juu njo penye banaikalaka.

#4 MwanaPwani (Mombasa)
Mimi huleta mizigo hadi Goma mara mbili tatu kwa mwaka na bado sijazoea. #3, "ukisafisha paka mara moya"? Huyu paka ameingiaje kwenye gari? Na baada ya kumsafisha mara moja, hataki kutoka?

#5 Fundi_Birere
Hahaha. Lubumbashi "paka" ni "tu". Kwao "paka rangi" ni "rangi tu". Na ndicho hasa alichofanya Mtoto wa Himbi: rangi tu, bila apre.

#6 Kampemba_Penture
Njo vile 😂 Ba Mombasa, mutazoea.

#7 Mama_Espoir (Goma, Katindo)
Nyie mafundi mnatazama chini ya rangi, hakuna anayetazama juu. Nani anagusa mlango wa dereva? Dereva. Mara ngapi kwa siku? Na mkono wa dereva una nini? Mafuta ya kujipaka, jasho, na ile jeli ya alkoli. Tangu Ebola ilipofika mjini 2019, halafu korona ikafuata, mimi chupa ya jeli haitoki kwenye mlango wa gari. Napaka, kabla haijakauka nabonyeza kitufe cha kioo. Vitufe vyangu vilikuwa na maandishi meupe, sasa ni vipofu. Wala havikuwa vimepakwa rangi na mtu, ni vya kiwandani.

Jibu swali langu kwanza, mwanangu: una jeli kwenye gari?

#8 Mtoto_wa_Himbi
Mama Espoir, ninayo. Iko palepale mlangoni. 😐

#9 Fundi_Birere
Mama, shikamoo, lakini hapo nakataa kwa heshima. Alkoli inalainisha rangi kutoka juu. Rangi ingekuwa inanata, ingepoteza weusi, ingebaki kwenye vidole. Haiwezi kuinuka ganda zima ikiwa ngumu na chini inang'aa. Jeli inaharibu, sikatai, ila si kwa namna hii.

#10 Mama_Espoir
Na ikiingia kwa pembeni, penye mpasuko wa kitufe? Maji hayavunji mlango, yanapita chini yake.

#11 Fundi_Birere
Hmm. Hiyo nimeipokea nusu.

#12 Mwalimu_wa_Kemia (Bukavu)
Kuhusu aina ya plastiki, kama herufi zimefutika kuna njia ya ndoo. PP ni nyepesi kuliko maji, lita moja yake ina uzito wa karibu gramu 900, kwa hiyo inaelea. ABS, plastiki nyingine ya magari, imezidi maji kidogo, karibu gramu 1,050, inazama. Kata kipande kidogo upande wa nyuma usioonekana, tia majini, ondoa mapovu kwa kidole, utazame. ABS ikizama, furahi: hiyo inashika rangi hata kwa fundi mvivu.

#13 Dereva_Mstaafu (Goma)
Mwalimu, nakusahihisha kidogo, usinipe sifuri. Nyuma ya plastiki nyingi za Toyota utasoma >PP-TD20< au >PP+EPDM-TD20<. Hiyo 20 ni asilimia 20 ya unga wa talki uliochanganywa ndani ili plastiki isipinde kwenye joto. Talki ni jiwe. PP yenye jiwe hilo inafikia uzito uleule wa ABS na kuupita wa maji. Inazama. Mimi ndoo yako ilinidanganya: kipande kilizama, nikashangilia "ABS!", nikapaka bila apre, baada ya miezi miwili kilikuwa kinachunika kama mjusi.

#14 Mwalimu_wa_Kemia
Umesema kweli mzee, talki niliisahau. Basi ndoo inasema ukweli pale tu kipande kinapoelea. Kikizama, haijasema kitu.

#15 Dereva_Mstaafu
Sasa nami nitoe langu. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kioo. Kwenye barriere (kizuizi cha barabarani) unashusha, kuongea na mtu unashusha, kununua vocha unashusha. Mvua ya Goma haipigi hodi, inaingia. Vumbi nalo si vumbi la watu wengine: ni jiwe la volkano ya Nyiragongo lililosagwa. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, niliporudi kutoka Sake nilikokimbilia, nilifuta tablo kwa kitambaa kikavu. Mikwaruzo ile iko hadi leo, mistari ya mduara, unaona mkono wangu ulivyozunguka. Vumbi jeusi linaingia kwenye ukingo wa kitufe, kila ukibonyeza linasugua kama msasa. Rangi ikipata mwanya, imekwisha.

#16 Kampemba_Penture
Muzee, kwetu vumbi ni nyekundu, tangu mwezi wa tano mupaka wa tisa inaingia hata mu frigo. Na rangi inashikaka.

#17 Dereva_Mstaafu
Yenu ni udongo. Yetu ni moto uliopoa.

#18 Mtoto_wa_Himbi
Wakubwa, nimetoa kipande cha dereva pamoja na vingine vitatu, nimevigeuza kwenye mwanga. Kaeni chini.

Vitatu vya abiria, vinavyoshika: >PP-TD20<.
Kile cha dereva, kinachobambuka: >ABS<.

#19 MwanaPwani
😂😂😂 Fundi wa Birere yuko wapi?

#20 Fundi_Birere
Nipo, nimekaa chini kama nilivyoambiwa.

Haya. Hiyo ni kinyume cha kila ninachokijua, na nimeshika pistole ya kupulizia rangi tangu kabla ya lava ya 2002. ABS inapokea rangi, kwa sababu diluani (kiyeyushio) ya rangi inailainisha kidogo juu, vinaumana. PP bila apre kushika wiki tatu inawezekana, lakini ukucha ulitakiwa kuing'oa. Maswali matatu: (a) Kopo la bombe limeandikwa nini? Kuna mengine ya "plastiki" yana apre ndani yake tayari. (b) Penye ganda lililotoka, chini kuna nini? Kijivu kikavu au kinachong'aa? (c) Kipande cha dereva ni cha asili au kilishabadilishwa?

#21 Mtoto_wa_Himbi
(a) Limeandikwa "toutes surfaces", yaani linafaa kila kitu. Yalikuwa makopo matatu, na sasa nakumbuka cha dereva nilikipaka mwisho, kwa kopo la tatu.
(b) Kijivu kinachong'aa kidogo, laini, hakina hata mstari wa msasa.
(c) Sijui, nimenunua gari mkononi.

#22 Dada_Nguba (Bukavu)
"Hakina hata mstari wa msasa." Jamani, hilo hamlioni? Namba 400 inaacha ukungu, mng'ao wote unakufa, ukiinamisha kwenye dirisha unaona mistari. Kama chini kunang'aa, basi hapo msasa haukupita. Mtoto wa Himbi, ni wewe kweli uliyesugua vipande vyote? Sema ukweli, hapa hakuna polisi.

#23 Mtoto_wa_Himbi
… Mpwa wangu alinisaidia. Ana miaka kumi na minne.

#24 MwanaPwani
"Siku moja, mkono mmoja." Tumesoma #1, bwana.

#25 Fundi_Birere
Kuna na hili: vipande vingine vya ABS vinatoka kiwandani vikiwa vimeshapakwa, rangi nyembamba ya kijivu au fedha. Inawezekana rangi yako imeshika vizuri sana, lakini imeshika juu ya ile ya kiwandani iliyokwisha kuchoka, na ndiyo iliyoachia. Tazama upande wa chini wa ganda kwenye jua. Ukiona kijivu chembamba kimekwenda nalo, basi mpwa hana kosa.

#26 Mtoto_wa_Himbi
Nimetazama. Kuna sehemu naona kama kijivu, sehemu nyingine nyeusi tupu. Au ni macho yangu.

#27 Kampemba_Penture
Ama silikone. Nasema tu.

#28 Bidon_Jaune (Goma)
Swali ambalo hamjauliza: uliviosha kwa maji gani? Kama ni ya bido kutoka Kituku, basi ni maji ya ziwa. Maji ya Kivu yana chumvichumvi yake, hayafanani na ya mvua. Yaache yakauke kwenye kioo, utaona madoa meupe. Mimi nilipaka fremu ya redio juu ya madoa hayo bila kuyafuta, rangi ikatoka kwa duara, kila duara penye tone lilipokauka. Tangu hapo nasuuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua, nafuta na kitambaa kisichotoa nyuzi.

#29 Mtoto_wa_Himbi
Ya ziwa. Lakini vyote vinne vilioshwa kwenye beseni moja.

#30 Dada_Nguba
Kila mtu anauliza kwa nini huo mmoja, na kila jibu linagusa vyote vinne. Basi angalia kilicho tofauti: kopo la tatu, mpwa, jeli, ABS. Nami naongeza la tano, haraka. Umesema kesho yake ukavirudisha. Rangi ikikauka kwenye kidole baada ya nusu saa haijakauka ndani, inaendelea kutoa diluani siku nyingi, na verni juu yake inaifungia. Mimi huku Bukavu msimu wa mvua naacha wiki nzima, karibu na dirisha, sigusi. Mara ya kwanza nilipaka alasiri mvua ikinukia, verni ikageuka nyeupe mbele ya macho yangu, kama maziwa yaliyomwagika kwenye meza nyeusi. Ni unyevu wa hewa unaonaswa ndani. Niliacha mpaka siku ya jua, nikapiga mkono mwembamba juu, weupe ukaondoka karibu wote. Uliobaki nimeubandikia kibandiko cha Bikira Maria.

#31 Simba_wa_Ruashi (Lubumbashi)
Habari. Niko na Ist, nataka kupaka tablo nzima nyekundu yenye kung'aa. Nianzie wapi?

#32 Fundi_Birere
Anzia kwa kuacha. Juu ya tablo hakupakwi kitu kinachong'aa: jua linapiga, mng'ao unarudi kwenye kioo cha mbele, unaendesha ukiona tablo yako badala ya barabara. Ndiyo maana kiwandani kule juu ni kweusi na butu. Nyekundu weka kwenye fremu ndogo za chini.

#33 Dereva_Mstaafu
Na kifuniko cha erbagi, ule mfuko wa hewa wa ajali, usikiguse. Kina mstari uliopunguzwa unene kwa ndani ili kipasuke mahali pake. Kuna mtu alikipaka masitike (ile ya kuziba mabonde kabla ya rangi) kikawa kizuri, mstari ukafutika. Siku mfuko ukitoka, utatoka na masitike usoni. Ukitaka kung'oa chochote karibu na hapo, toa waya wa betri kwanza, ungoje dakika kadhaa, umeme wa akiba uishe.

#34 Simba_wa_Ruashi
Basi nyekundu kwenye fremu. Asante bawazee.

#35 Taximan_Ndosho (Goma)
Mimi naona mnajitesa. Plastiki iliyofifia ipitishie hewa ya moto ya ile mashine ya kuchomea, weusi unarudi papo hapo. Bure.

#36 Dada_Nguba
Unarudi kwa miezi michache, ukifika mwisho umepauka kuliko kwanza. Ukisahau mkono mahali pamoja, kale kachorochoro ka ngozi kanayeyuka kanakuwa doa linalong'aa milele. Nilifanya hivyo kwenye gari la shemeji. Hatujaongea Noeli mbili.

#37 Mama_Espoir
Niseme moja mbaya kabla hamjaendelea na vicheko. Hizo verni za kuchanganya na kigumu chake, za makopo mawili, msipulizie ndani ya parcelle, uani, watoto wakicheza. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Kijana wa jirani yetu alipuliza mwaka mzima akiwa amejifunga leso, sasa akipanda ngazi anasimama katikati. Inahitajika ile yenye vichujio viwili pembeni, na mlango wazi.

#38 Fundi_Birere
Mama amesema. Mimi mwenyewe nilianza kuvaa nikiwa nimechelewa.

#39 Mwalimu_wa_Kemia
Mtoto wa Himbi, tuache kubahatisha. Chukua wembe mpya. Kwenye kila kipande, mahali pa kificho, kata mistari sita iliyo karibu, halafu sita ya kuikatiza, upate vimraba 25. Bandika skochi, sugua kwa ukucha, ivute ghafla. Hesabu vimraba vilivyoondoka. Hata viwandani wanapima hivyo.

#40 Mtoto_wa_Himbi
Nimefanya jioni hii, mkono ukitetemeka, maana naharibu kazi yangu mwenyewe.

Dereva (ABS, kopo la tatu): vimraba 19 vimeondoka.
Abiria mbele (PP): 0.
Nyuma kulia (PP): 2.
Nyuma kushoto (PP, kopo la kwanza): 14!! Na hiki ukucha haukuwa umeking'oa hata kidogo. Jeli haifiki huko, mvua haifiki, hakuna anayekaa huko.

#41 Bidon_Jaune
Sasa ni milango miwili. Kichwa cha uzi kibadilishwe.

#42 Fundi_Birere
Ukucha umetudanganya kama ndoo. Nyuma kushoto ni PP bila apre, hicho nakielewa. Ninachotaka kuelewa ni kwa nini cha mbele kimetoa sifuri. Kilete garajini Jumamosi pamoja na lile ganda, nikitazame kwa macho yangu. Vilivyoachia vyote viwili kwaruza hadi plastiki, usipake juu.

#43 Kampemba_Penture
Na mutoto alisugua gani? Tumuulize ye mwenyewe.

#44 Mtoto_wa_Himbi
Nimempa simu, amesoma uzi wote kutoka #1, amekasirika. Anasema cha dereva hakukigusa kabisa, nilikisugua mimi huku nikiongea na simu. Chake kilikuwa kile cha abiria wa mbele, na alikisugua mpaka vidole vikauma.

#45 Kampemba_Penture
Njo kusema, ni paka weye.

#46 MwanaPwani
Hapo nimeelewa bila mkalimani.